Mbwa Anayejua Kugeuza Macho

Kanazi, Ngara
14 Januari 2024

Mdogo wangu Gervasi,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Niyokwizera na watoto wote. Hapa tu wazima. Nikisema "tu", ni mimi na paka. Mvua imetosha, migomba imesimama vizuri. Maharage nimepanda nusu ya shamba. Nusu nyingine sijui kwa nini nimeiacha; niliweka jembe chini nikarudi nyumbani nikakaa, na siku zikapita.

Najua umekuwa ukipiga simu. Simu niliizima siku ile ile ya msiba wa Diane, iko ndani ya kopo la unga. Usimpigie jirani aniletee yake, sitaishika. Ukiwa na neno, andika. Barua hii nampa Sabiti, yule muuza vitenge wa Biharamulo mjini anayekuja mnadani kwetu. Yeye hana maswali mengi.

Sasa nieleze shida yangu. Wiki iliyopita niliamka nikakuta kamba za mbuzi zimekatwa. Wameondoka wawili, jike mwenye mimba na mwanawe wa kwanza. Nilizitazama zile kamba, kisha nikaenda kuchemsha chai. Wanajumuiya waliokuja kunipa pole walisikitika kuliko mimi. Katekista Anastazi akaniambia, "Josefina, mjane huwezi kukaa na boma tupu. Tafuta mbwa." Nilikubali ili anyamaze, lakini baadaye nimeona anasema kweli.

Nataka mtoto wa Watasema, mbwa wako. Yeye ni wa uzao wa mbwa wa marehemu baba, yule Sikukuomba, ambaye baba alimpa jina hilo wakati hasemezani na jirani yake wa mpakani, na kila akimwita mbwa jirani alikuwa anapata ujumbe wake. Uzao ule naujua. Ila sharti langu ni moja: awe mbwa wa kuishi na paka kwa amani. Paka wa Diane ni watatu. Kuna Mkaa, mama yao. Kuna Nusu, aliyekatika mkia. Na kuna Bwana Afya, ambaye mwanangu alimwita hivyo kwa sababu hupita jiko hadi jiko akikagua sufuria za watu. Katika vitu alivyoacha Diane, vinavyopumua ni hivyo vitatu tu. Mbwa akimuua mmoja, sitamtaka huyo mbwa wala aliyenipa.

Halafu nikuulize. Yule mtoto wa Mkaa ambaye Diane aliwaletea mwezi wa kumi, anaendeleaje? Amewapunguzia panya?

Ni mimi dada yako,
Josefina

*

Nyarubungo, Biharamulo
2 Machi 2024

Dada Josefina,

Shikamoo sana. Barua yako nimeipata, na usinione mtu mbaya kwa kukawia. Gari la Sabiti liliharibika, kisha mtoto wetu wa mwisho akashikwa na malaria, kisha palizi ikaingia, na wewe unajua mwezi wa pili mkulima hana mikono ya kuandikia. Sasa tuko salama. Niyokwizera anakuamkia, anasema anakumbuka ndizi zako. Mahindi yamefika kiunoni. Panya tu ndio wanatusumbua, mwaka huu ni wengi mno, wanakula hadi sabuni.

Pole kwa mbuzi, dada. Mwizi wa mbuzi hana haya hata kidogo.

Kuhusu mbwa, nikwambie ukweli, Watasema amezeeka, sidhani kama atazaa tena. Na hata angezaa, uzao ule baba aliufugia ngiri na nguruwe pori, hakuufugia paka. Mbwa na paka tangu lini? Ni kama kumweka mlevi alinde pombe ya ndizi. Mimi nimefikiri hivi: nunua kufuli kubwa, lile la Kichina lenye mnyororo, na mbuzi waliobaki uwalaze jikoni. Au hao paka uwagawe kwa majirani, ubaki na mmoja, ndipo tutafute mbwa. Paka hata akigawiwa hajui tofauti, dada, yeye anafuata chakula.

Sina zaidi. Msalimie katekista, mwambie bado namdai ule mchezo wa bao.

Mdogo wako mtiifu,
Gervasi

*

Kanazi
21 Machi 2024

Gervasi,

Marahaba. Mtoto apone kabisa. Hapa mvua inaendelea, na mimi ni vilevile.

Sikukuuliza habari za kufuli. Tena usiniandikie mara ya pili kwamba nigawe paka.

Watu wananiambia nilie, eti nitapata nafuu. Wifi yangu wa Kabanga alikuja kukaa nami siku nne, kila jioni ananitazama usoni kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Hakikuchemka. Moyo umekufa ganzi, basi. Nakula kwa sababu ni saa ya kula. Paka wanajua saa kuliko mimi; wakinizunguka miguuni ndipo najua jioni imefika. Ndiyo maana siwezi kuwagawa. Nisipokuwa na kiumbe wa kuniambia ni jioni, nitakaa pale pale hadi lini?

Nimesema nataka mbwa kutoka mkononi mwako. Kama si wa Watasema, basi awe wewe ndiye umemchagua, umemtazama kwa macho yako. Huko ndiko kunisaidia ninakokuomba, sikuombi jambo lingine.

Umeniambia panya ni wengi. Hukuniambia habari za paka.

Josefina

*

Nyarubungo
5 Mei 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mahindi tumeanza kuyachoma mabichi, watoto wamenenepa mashavu.

Nimekusikia, dada, na safari hii usinigombeze, nimefanya kazi. Kule Kaniha kuna Msabato mmoja anaitwa Methusela, mkewe ni Nyirabahizi. Jike lao la mbwa lilizalia jikoni kwa sababu ya mvua, na pembeni ya kuni pale pale paka wao naye ana watoto. Wamekua pamoja. Nilisikia habari hiyo mnadani, nikachukua baiskeli asubuhi moja, nikafika nimelowa tope hadi mgongoni.

Watoto wa mbwa walikuwa watano. Nyirabahizi ni mama mfupi, mkali, hacheki na mtu. Aliniuliza nataka mbwa wa kazi gani. Nikasema, wa kulinda boma la mjane lenye paka watatu. Akasema, "Basi kaa chini, usiwaguse. Wanaume mnachagua mbwa kama mnachagua ng'ombe, mnaangalia kifua."

Akamweka paka mkubwa ndani ya tenga la kuku, akalifunga, akaliweka katikati. Mtoto wa kwanza akakaza macho, mwili wote ukawa mgumu, hata alipoitwa hakusikia. Akamtoa. Wa pili alibweka akizunguka tenga bila kuchoka. Naye akamtoa. Wa tatu alijificha nyuma ya mtungi. Nikasema huyu mpole, nichukue huyu. Akakataa. "Mwoga ndiye atakayekuja kuuma. Siku paka akimkwaruza atajitetea kwa meno." Wa nne aliruka juu ya tenga kwa kucheza. Akasema huyo hana ubaya, ila paka hawajui huo mchezo.

Wa tano ni jike, mwekundu, sikio moja limelala. Alikwenda akanusa tenga. Paka akamfokea kwa pua. Yule mbwa akamtazama kidogo, kisha akageuza macho pembeni, akapiga miayo, na Nyirabahizi alipomwita akaja. Mama yule akaniambia, "Huyo. Mbwa wa kuishi na paka si lazima awe mpole. Awe anajua kugeuza macho."

Basi nimemchukua, yuko hapa kwangu, na namfundisha kidogo kidogo. Kuku anapita mbele yake, akimtazama namwita. Akija anapata kipande cha ugali. Ameelewa upesi kuliko watoto wangu.

Kuna jambo moja Nyirabahizi amesisitiza. Nitumie nguo wanayolalia paka wako, nimtandikie huyu mbwa, ili siku atakapofika kwako harufu yao awe ameshaizoea. Mpe Sabiti anaporudi.

Gervasi

*

Kanazi
26 Mei 2024

Gervasi,

Marahaba. Nimefurahi umemchagua hivyo. Nasema nimefurahi kwa kuwa ndilo neno lake. Nadhani litakuja lenyewe baadaye.

Nguo ni hii, kitenge changu cha zamani, Bwana Afya na Nusu wanalala juu yake karibu na mafiga. Msalimie mama wa Kaniha.

Josefina

*

Nyarubungo
15 Juni 2024

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kucheka. Kitenge kimefika kimefuliwa kwa sabuni, kimepigwa pasi ya mkaa, kimekunjwa mara nne. Niyokwizera alidhani ni zawadi yake, amekivaa kanisani Jumapili, na watu wamekisifu. Nilipomwambia ni cha mbwa hakunisemesha hadi jioni.

Najua kwa nini. Mama alitulea hivyo, nguo chafu haivuki mlango wa nyumba kwenda ugenini. Lakini harufu imekwenda na sabuni, dada. Tuma nyingine, ambayo haijafuliwa kabisa. Hata ikiwa na manyoya, hata ikiwa na maziwa yaliyomwagika. Huku si ugenini.

Mbwa anakua. Sasa kuku hata hawatazami.

Gervasi

*

Kanazi
7 Julai 2024

Gervasi,

Marahaba. Kiangazi kimeanza, upepo ni mkali huku mlimani.

Nguo ambayo haijafuliwa humu ndani ni moja tu. Nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni, nimeufunga. Mkaa analala juu yake tangu mwezi wa kumi, nami sikumwondoa.

Isipotee.

Josefina

*

Nyarubungo
28 Julai 2024

Dada Josefina,

Shikamoo. Leo sina habari za mahindi.

Niyokwizera alifungua ule mfuko, akaufunga tena, akaniita. Nilipoona sweta la bluu la chuo cha ualimu nilikaa chini. Siku ile Diane alipofika kwetu nilimuuliza sweta liko wapi, kwa kuwa nilizoea kumwona nalo. Akasema, "Nimeliacha kwenye kiti, mjomba, Biharamulo kuna joto."

Nimejaribu kumtandikia mbwa nikashindwa. Nikampa Niyokwizera amtandikie. Lakini siwezi kulitumia sweta la mtoto wako nikiwa nimekuficha jambo. Umeniuliza mara mbili habari za mtoto wa Mkaa, nami nikazungumza habari za panya.

Mtoto wa Mkaa hakumaliza hata siku moja kwangu. Diane alifika naye saa nne asubuhi, amembeba ndani ya kikapu, amefurahi. Watasema alikuwa amefungwa. Diane aliniomba nimwache hivyo hivyo kwanza. Mimi nilitaka kumwonyesha kwamba mbwa wa uzao wa babu yake ana akili, anamsikia bwana wake. Nikamfungua. Nikasema, "Hatamgusa." Ilikuwa ni mara moja tu, dada, hata sikuwahi kumwita.

Diane alilia. Nami nilicheka. Nilimwambia paka wapo wengi, atazaa tena yule mama yao, mwalimu mzima unaliaje kwa ajili ya paka? Alikuwa amekuja kukaa siku tatu. Akaanza kufunga mzigo. Basi la mchana lilikuwa limeshapita na mvua ilikuwa inakusanyika. Ningeweza kumwambia, mwanangu, nisamehe, lala, utatoka kesho. Sikusema. Nilikuwa nimechoka kumsikia akilia. Nilimwita mwenyewe mtu wa bodaboda, nikamwambia ampeleke Lusahunga akatafute gari la Ngara. Lile lori walilokutana nalo unalijua, sina haja ya kuliandika.

Ndiyo maana mazishini nilisimama nyuma ya watu nikaondoka kabla ya chakula. Sikuwa nakimbilia palizi kama nilivyoaga. Na Watasema hajazeeka. Nilimtoa kwa watu wa machimboni wiki ile ile, sikuweza kusikia akibweka.

Mbwa anakuja na Sabiti pamoja na barua hii. Sweta limo, halijafuliwa. Kama ukisoma haya ukaamua hutaki kitu kutoka mkononi mwangu, mrudishie Sabiti, nimemwambia asiulize. Jina sijampa. Unajua kwetu mbwa haitwi jina la bure. Utampa wewe, na jina utakalomwita ndilo nitakalojua kuwa ni jibu lako. Nitalipokea, liwe lolote.

Gervasi

*

Nyarubungo
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Sabiti anasema ulimpokea mbwa, ukambeba kwa mikono miwili, ukafunga mlango. Amepita kwako mara tatu tangu hapo na hukumpa barua.

Sikuharakishi. Niambie tu kama mbwa yu hai, na umemwitaje.

Gervasi

*

Kanazi
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Gervasi,

Marahaba. Salamu kwa Niyokwizera. Mwambie kitenge ni chake. Mvua za vuli zimerudi, nimepanda maharage shamba lote.

Mbwa yu hai. Nilifanya hivi. Nilimfunga kwenye nguzo ya jiko kwa kamba fupi, na paka nikawaachia dari la kuni wawe juu yake. Siku tatu hawakushuka. Walikula huko huko juu. Siku ya nne Bwana Afya alishuka kukagua sufuria kama kawaida yake, akamkuta mgeni, akampiga kofi la pua. Nilisimama nimeshika mwiko. Mbwa alilia kidogo, akamtazama, kisha akageuza macho akaangalia ukuta. Bwana Afya akamzunguka, akaenda zake. Baada ya wiki mbili nilifungua kamba.

Siku moja nilitoka kisimani nikamkuta Mkaa ameshuka. Mbwa alikuwa amelala juu ya sweta. Mkaa alilinusa, akalipanda, akajikunja kwenye mkono mmoja wa sweta, mgongo wake umegusa mgongo wa mbwa. Nilikaa kwenye kigoda nikawatazama. Sikulia. Nilisikia njaa. Nikagundua kwamba tangu mwaka jana nilikuwa sijasikia njaa. Nikapika viazi nikala sahani mbili.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara nyingi, na jambo la kwanza nikwambie, yote uliyoandika nilikuwa nayajua.

Diane alinipigia simu akiwa kwako, amesimama nyuma ya ghala lako. Alikuwa analia. Akasema, "Mama, mbwa wa mjomba amemuua, na mjomba anacheka." Akasema pia, "Mvua inakuja, basi limeshapita. Nafikiri nilale, nitatoka kesho asubuhi." Yeye alitaka kulala, Gervasi. Hasira ikanipanda. Haikuwa ya paka tu, ni ya zamani, ya namna unavyocheka mtu akilia tangu tukiwa wadogo. Nikamwambia, "Usilale hapo. Panda chochote upate kuja nyumbani." Akaniuliza, "Hata pikipiki, mama?" Nikasema, "Hata pikipiki."

Wewe ulimwita mtu wa bodaboda. Mimi nilikuwa nimeshampandisha.

Hilo sijamwambia padre wala katekista. Waliokuja kunipa pole walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikawa nawaongezea chai. Simu niliiweka kwenye kopo kwa sababu hiyo. Ukiiwasha, jina la juu ni lako, ulipopiga kuniambia habari ya ajali. Chini yake ni la Diane, na dakika zimeandikwa, nne.

Niliomba mtoto wa Watasema kwa makusudi. Nikakuuliza habari za mtoto wa Mkaa kwa makusudi, mara mbili. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusema, ili mimi niwe wa pili, maana kuwa wa kwanza nilishindwa. Ulipokuwa unakwepa nilikuchukia. Ulipokuja kusema, nikaona zamu imenifikia, nikaogopa, nikanyamaza miezi miwili na nusu. Nisamehe kwa hilo. Hayo mengine tutasameheana tukionana, karatasi haitoshi.

Mbwa nimemwita Tuwawili. Namwita mara nyingi kwa siku, anapenda kutoka hadi barabarani. Jina lenyewe nilikuwa nalitamka kwa shida, sasa linatoka.

Misa ya mwaka ya Diane ni Jumamosi tarehe 26. Njoo Ijumaa, ulale hapa, na siku ya misa usisimame nyuma. Simu nimeitoa kwenye kopo, nimeifuta unga, nimempelekea Biubwa dukani anichajie. Ukipiga nitapokea. Ila nakuomba kitu kimoja. Siku ile ya ajali uliponipigia, wewe ndiye uliyeanza kusema. Safari hii nikishika simu nyamaza kidogo, uniache mimi nianze.

Dada yako,
Josefina